Miezi sita katika bustani ya Ottawa

Mama yetu alitupa agizo moja tu tulipokuwa tukifunga mizigo nyumbani Tanga: turudi na dada yake. Mume wa dada yake huyo, ambaye tangu utotoni tumemwita baba mkubwa, alikuwa taabani kwa maradhi ya moyo huko Ottawa, mji mkuu wa Kanada, na mtoto wao wa pekee anafanya kazi Calgary, mwendo wa saa nne kwa ndege. "Likitokea la kutokea asiachwe peke yake kwenye barafu," alisema mama. "Ukae naye mpaka eda iishe, kisha uje naye." Kamati ya msikiti ikaturuhusu, na daftari la mihtasari tukamkabidhi katibu msaidizi, ambaye makosa yake ya tarehe tunayasahihisha hadi leo. Mgeni anayeingia Kanada kwa matembezi huruhusiwa kwa kawaida kukaa hadi miezi sita. Tulihesabu kwamba ingetosha.

Tulifika katikati ya Oktoba 2024. Ulikuwa wakati wa majani kupukutika, na ndugu msomaji asiyewahi kuuona asidhani kuwa ni kama ukame wa kwetu, ambapo majani hukauka na kuwa vumbi. Miti ya mepo, ambayo jani lake ndilo lililochorwa kwenye bendera ya nchi hiyo, hugeuka kuwa myekundu na ya manjano kana kwamba mtu ameitia rangi usiku. Kisha majani yote huanguka katika muda wa majuma machache, na mwenye nyumba hana budi kuyakusanya kwa reki na kuyatia katika mifuko.

Nyumba ya mama mkubwa ni ya matofali mekundu, imebanana na nyumba za majirani. Ukiitazama kwa mbele huwezi kudhani kuwa ina chochote cha kutazamwa. Bustani iko nyuma, hatua kumi na mbili kwa ishirini hivi, imezungushiwa uzio wa mbao. Baba mkubwa, mzaliwa wa Pemba aliyekulia katika mashamba ya mikarafuu, aliendesha basi la abiria katika mji huo kwa miaka mingi, na alipostaafu akaanza kuchimba. Mwaka wetu ulikuwa mwaka wa kumi na saba wa bustani hiyo. Alikuwa na mawaridi kwenye ukuta unaoelekea kusini, ambako jua hukaa zaidi. Alikuwa na pioni, ua kubwa lenye petali nyingi zilizosongamana, na mayungiyungi ya bustani marefu kama mtoto wa miaka kumi. Ndani ya nyumba, dirishani, mlikuwa na chungu cha asumini ambacho mama mkubwa hukitoa nje mwezi wa Juni na kukirudisha ndani kabla ya umande wa kwanza kuganda.

Siku ya tatu baada ya kufika kwetu, baba mkubwa aliomba atolewe nje. Tulimkalisha kwenye kiti, amevaa makoti mawili na blanketi magotini, tukamletea mfuko uliokuwa ukingoni mwa ghala. Ndani mlikuwa na matunguu 120 ya tulipu. Ukiyaona utasema ni vitunguu maji, tena vizuri, na sisi tulisema hivyo hivyo. Alicheka hadi akakohoa. Kisha akaanza kutuamrisha kama vile anavyoamrishwa kondakta mpya. Shimo liwe shibiri moja kwenda chini. Ncha itazame juu. Yasikae karibu karibu, wala yasipangwe mstari kama askari. Kando yake tupande matunguu ya nargisi, kwa sababu kindi wa mji ule wanayapenda mno matunguu ya tulipu, lakini nargisi ina sumu na hawaigusi. Juu ya yote tutandike wavu wa kuku, tuufukie kidogo.

Tulichimba siku mbili, na mikono yetu ya kalamu ikatoka malengelenge. Jioni ya siku ya pili tulimuuliza kwa nini asisubiri kupanda baridi itakapokwisha, kama mtu yeyote mwenye akili. Akatueleza jambo ambalo hatukulijua. Tunguu la tulipu halitoi ua mpaka lipitiwe na baridi kali ardhini, majuma kumi na mawili hadi kumi na sita. Lisipoipata baridi hiyo litachomoza majani dhaifu, au halitatoa kitu. Ndiyo maana ukilipanda Tanga utapoteza fedha zako. "Kwetu tunaogopa baridi isiue mmea," alisema. "Hili linaogopa lisiikose."

Tulipu nyingi za Ottawa zina kisa chake, nacho kinajulikana kwa kila dereva wa basi. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili, Juliana, binti wa malkia wa Uholanzi, alikimbilia mji huo na watoto wake, na Januari 1943 akajifungua huko binti mwingine, Margriet. Serikali ya Kanada ilitangaza kuwa mahali pa kujifungulia hapahesabiwi kuwa ardhi ya Kanada, ili mtoto awe na uraia wa Uholanzi peke yake. Vita vilipokwisha mwaka 1945, Uholanzi ilituma matunguu 100,000 kuwa shukrani, na hadi leo zawadi huja kila mwaka. Tangu 1953 kuna tamasha la tulipu kila Mei. Watu wa huko wakikusimulia hayo huishia Uholanzi. Baba mkubwa hakuishia hapo. Yeye alipenda kumwambia kila jirani kwamba ua hili asili yake ni milima ya Asia ya Kati, na kwamba Waholanzi walilipata kupitia kwa Waturuki wa dola ya Uthmaniya, ambao walilipamba kwenye vigae vya misikiti yao. Kwa Kituruki linaitwa lale, na likiandikwa kwa hati ya Kiarabu herufi zake ni zile zile za jina la Allah: alifu, lamu mbili na he. Katika enzi ya Sultani Ahmed wa Tatu mapenzi ya ua hili yalizidi mpaka, hata wanahistoria wakaiita miaka ya 1718 hadi 1730 Enzi ya Tulipu. Mwisho wa enzi hiyo yalikuwa maasi na Sultani akaondolewa kitini, jambo ambalo baba mkubwa hakuwasimulia majirani.

Mwezi wa Novemba ni wa kufunga bustani. Pioni hukatwa hadi usawa wa ardhi. Mawaridi hurundikiwa udongo shinani, kisha yakavishwa magunia na kufungwa kamba. Bomba la nje hufungwa kutoka ndani na maji yaliyobaki yakamwagwa, maana yakiganda humo hupasua bomba. Hayo yote tuliyafanya sisi, naye akitazama kwa dirishani, mara akigonga kioo kutuonyesha kamba iliyolegea. Gunia la mwisho tulilifunga Jumapili. Jumatano, tarehe 25 Mfunguo Nane 1446, baba mkubwa alifariki dunia baada ya sala ya Alfajiri. Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un. Tulimwosha pamoja na mwanawe aliyefika usiku kutoka Calgary, na siku ya pili tukamzika. Udongo wa juu ulikuwa umeanza kuganda na mabonge yake yalilia kama mawe yalipoanguka.

Mama mkubwa akaingia eda. Kwa mjane ambaye si mjamzito, eda ni miezi minne ya mwandamo na siku kumi, na tulipoihesabu tuliona itakwisha siku chache baada ya Idi. Mtoto akarudi kazini mwisho wa juma. Tukabaki wawili.

Katika waliokuja kuhani alikuwamo bibi mmoja wa msikiti wa pale, mtu mwema, aliyeleta chakula siku tatu mfululizo. Siku ya nne alimkuta mama mkubwa uani, amevaa koti, akiwamwagia ndege mbegu. Akamwambia mbele yetu kuwa mwenye eda havuki kizingiti, hata cha nyuma, na kwamba anaiharibu eda yake. Mama mkubwa hakujibu. Aliingia ndani, na kwa siku tisa hakuufungua mlango ule.

Hapo tuliona haya kwa kukaa kimya, sisi tuliosoma chuo. Siku ya kumi tulimwomba yule bibi aje, tukawaeleza wote wawili tulivyofundishwa. Ua wa nyumba ni sehemu ya nyumba. Tena katika Sahihi Muslim imo habari aliyoisimulia Jabir bin Abdillah (RA) kuhusu khalati yake, yaani dada wa mama yake. Mwanamke huyo alikuwa katika eda ya talaka, akataka kwenda kuvuna tende zake, mtu mmoja akamkemea asitoke. Akaenda kwa Mtume (SAW), naye akamruhusu akavune, kwani huenda akatoa sadaka katika mavuno hayo au akafanya wema. Kweli hiyo ilikuwa eda ya talaka na hii ni ya kufiwa, lakini wengi wa wanazuoni wamemruhusu aliyefiwa naye kutoka mchana kwa haja, mradi usiku alale nyumbani kwake. Na kama mtende wa mbali uliruhusiwa, vipi mawaridi yaliyo chini ya dirisha? Yule bibi alisikiliza hadi mwisho. Akauliza maswali mawili, ya maana, kisha akasema alivyosema ndivyo alivyofundishwa na bibi yake, na akamwomba mama mkubwa radhi. Tulichopenda kwake ni kuwa baada ya hapo hakuacha kuja.

Ambacho mama mkubwa mwenyewe alikishika bila kuambiwa na mtu ni manukato. Hakutia udi wala mafuta mazuri, na siku moja akatuomba tukihamishe chungu cha asumini kutoka chumba chake tukipeleke chetu cha juu, kisije kikachanua. Tulimwambia kuwa kwa mwanga ule wa Desemba hakitachanua. "Kipeleke tu, mwanangu," alisema.

Na mwanga wa Desemba ni mchache kweli. Jua huchomoza karibu na saa mbili kasorobo asubuhi na kuzama saa kumi na dakika ishirini hivi. Adhuhuri, Alasiri na Magharibi hufuatana kama mabasi yaliyochelewa, ukijisahau na kikombe cha chai umeikosa moja. Januari hali ya hewa hushuka nyuzi ishirini chini ya sifuri, na usiku mwingine zaidi. Nywele za puani huganda ukivuta pumzi, na hili hatukulisoma popote. Kipupwe chetu cha Juni, ambacho hutufanya tujifunike shuka mbili, tumekiomba radhi.

Tulidhani kuwa theluji ndiyo adui wa bustani. Mama mkubwa alitusahihisha akiwa dirishani jikoni, mahali alipokaa kila siku baada ya kusoma juzuu yake. Theluji ni blanketi. Ikilala nene juu ya ardhi huizuia baridi kali isizame, na chini yake udongo hubaki na hali moja. Kinachoua ni joto la ghafla katikati ya baridi, theluji ikayeyuka, kisha usiku ukaganda tena, udongo ukavimba na kunywea na kuyang'oa mizizi. Kwa hiyo katikati ya Februari, zilipokuja dhoruba mbili zilizofuatana na theluji ikafika magotini na kupita, sisi tulilalamika na sepetu mkononi, naye akamshukuru Mola. Alituma tuikung'ute theluji kwenye matawi ya vichaka kwa fagio, taratibu, kutoka chini kwenda juu, yasivunjike. Na ile tuliyoizoa njiani akatukataza kuirusha bustanini, kwa kuwa ina chumvi inayomwagwa kuzuia utelezi, na chumvi huua mizizi.

Miezi hiyo mama alipiga simu kila Ijumaa. Aliuliza hali ya dada yake, kisha aliuliza tiketi. Tiketi mbili tulikwisha kuzinunua, za tarehe 13 Aprili. Mama mkubwa alijua. Kila tulipoanza kuizungumza safari alisema, "Tumalize eda kwanza," na sisi tulilichukua neno hilo kuwa ni ndiyo. Mtu husikia anachotaka.

Ramadhani iliingia tarehe 1 Machi. Tarehe 9 watu wa huko husogeza saa mbele, hivyo siku moja tulifuturu kabla ya saa kumi na mbili, na siku iliyofuata karibu na saa moja ya usiku, wala jua halikufanya lolote jipya. Theluji ilianza kupungua kutoka ukutani kusini, ikawa chafu, ikawa na matundu kama sifongo. Chini yake yalionekana majani ya Oktoba, meusi. Bustani haijapata kuwa mbaya kama wakati ule. Idi ilipofika tulisali, tukarudi na halua aliyopewa mama mkubwa na wanawake wa msikiti, naye akatupokea katika nguo zake zile zile za eda.

Eda ilikwisha. Alioga, akavaa kanga jozi mpya aliyoletewa na dada yake mikononi mwetu, juu yake koti, na safari yake ya kwanza haikuwa ya barabarani. Alikwenda uani na kupiga magoti kwenye ukuta wa kusini. Yalikuwapo maua madogo ya zambarau, hayafiki kidole urefu, yaliyotoboa matopeni. Yanaitwa krokasi. Ni ndugu wa ua litoalo zafarani, ingawa haya hayatoi zafarani. Hatua mbili mbele, ndani ya wavu wa kuku, zilikuwa zimechomoza ncha nyekundu zenye ukijani, kali, kama midomo ya ndege. Alianza kuhesabu kwa kidole, bila sauti. Alihesabu thelathini na moja. Baadhi zilikuwa zimekatwa na sungura.

Hapo tukaona ni wakati. Tulimweleza kama tunavyoeleza mbele ya kamati, hoja baada ya hoja. Mtoto yuko mbali. Barafu ya njiani huvunja nyonga za watu wa umri wake. Nyumba ni kubwa kwa mtu mmoja. Dada yake amekwisha kuandaa chumba. Ulimi ulitaka kuongeza na hoja ya dini, tuseme kuwa haifai mwanamke kukaa peke yake ughaibuni, lakini tukajizuia, maana tulijua kuwa haikuwa hoja ya dini. Ilikuwa hoja ya mama yetu, na hofu yetu ya kurudi mikono mitupu.

Alituacha tumalize. Akasema jiwe la kaburi halijawekwa, na halitawekwa mpaka ardhi iyeyuke hadi chini, pengine Mei au Juni. Akasema magunia ya mawaridi nani atayafungua, na kwa kipimo gani, maana yakifunguliwa mapema baridi ya kurudia huchoma machipukizi, na yakichelewa huoza. Kisha akasema, "Wewe umeyapanda haya hujapata kuyaona. Mimi nayajua. Mwaka huu siyaachi."

"Na mwaka ujao?" tuliuliza.

"Mwaka ujao tutapanda Oktoba, Inshaallah."

Tulikasirika, hatuna haja ya kuficha. Tulimaliza siku mbili tukizungumza naye kwa adabu tu. Siku ya tatu alitupa mkasi, akatuonyesha kukata matawi ya waridi yaliyokufa, juu kidogo ya jicho linalotazama nje, na hatukuweza kuendelea kununa na huku tunafundishwa. Tarehe 13 tuliondoka peke yetu. Tiketi ya pili ilirudishwa kwa sehemu ndogo ya bei yake. Alikuja hadi mlangoni, akasoma dua ya safari, akasema tumsalimie sana dada yake. Tulipu zilikuwa bado majani matupu.

Yaliyofuata tumeyaona kwa simu. Mei zilichanua, nyekundu na za manjano, na chache nyeupe. Kwa hesabu yake ni tisini na nne. Juni jiwe likawekwa, na pioni zikafunguka baada ya siku nyingi za kutambaliwa na sisimizi, ambao hufuata utomvu mtamu wa vichomozo vyake. Mvua moja kubwa ikazilaza zote. Ni wakati huo ambapo Isha huko huwa karibu na saa tano ya usiku na Alfajiri haiko mbali nayo, na bustani, alivyotuambia, huitazama baada ya sala kwa kuwa usingizi hautoshi kuurudia. Julai ikawa zamu ya mayungiyungi. Asumini ikatolewa nje, ikachanua, naye akayachuma maua yake na kuyatia nywelani. Oktoba alituma picha ya mfuko mwingine wa matunguu, na pembeni yake, ameshika jembe dogo, alikuwa yule bibi wa kizingiti.

Mama yetu hakutusema tuliporudi mwezi ule wa Aprili. Kunyamaza kwake kulikuwa kurefu. Picha za Mei tulimwonyesha uani kwake, chini ya mkilua, akawa anazitazama moja moja na kuzikuza kwa vidole.

"Yananukia?" aliuliza.

Tulimjibu kuwa mengi ya maua hayo hayana harufu.

Aliitazama picha tena. Akachuma kilua kimoja, akakinusa, akakiweka mapajani.

"Mpigie," akasema. "Muulize kama anavaa soksi."